Mkoba wa Oktoba

Mwezi huu mkoba wangu huvimba
kama shavu lenye jino bovu.
Si hundi za wastaafu, si kadi za pole;
ni karatasi nzitonzito zinazong'aa,
na kila moja ina uso wa mtu
anayetuonya juu ya uso wa mtu mwingine.

Verna Stachura, tarishi wa posta, njia ya kumi na nne,
Pennsylvania magharibi, mwaka wa ishirini na mbili.
Magoti mawili: moja nilizaliwa nalo, moja la chuma.
Najua nani anadaiwa na hospitali,
najua mbwa yupi hubweka kwa mazoea tu,
na mwezi huu najua nani, kwa bei gani,
ametaka kunitisha.

Wahenga walionya juu ya tembo wawili na nyasi.
Huku kwetu tembo hupigana na punda,
na nyasi huletewa barua kila siku
zikiulizwa ziko upande wa nani.
Shukrani ya punda nimeionja, ni mateke.
Ya tembo bado naisubiri.

Kwa mjane Tibbets naacha tano:
tatu za kumtukana huyu, mbili za kumtukana yule.
Jana niliketi garini na sandwichi yangu,
nikazigeuza, nikasoma maandishi madogo kama mayai ya chawa:
kiwanda kimoja cha uchapaji, mji mmoja, sanduku moja.
Mapacha wa tumbo moja
waliolipwa kutoleana macho.

Mkono mtupu haulambwi, hilo nalijua tangu utotoni.
Nisilolijua ni kwamba mkono uliojaa
hulambwa na ndimi mbili kwa wakati mmoja,
moja kila upande,
na mwenye mkono
hana haja hata ya kupiga kura.

Daraja la Culp limefungwa, huu mwaka wa sita.
Nazunguka maili saba kufikisha dawa ya kisukari
ng'ambo ya kijito ninachoweza kukitemea mate kikavuka.
Wagombea wote wawili wamepigwa picha hapo,
mikono ya mashati imekunjwa,
wakilitazama daraja kwa uchungu.
Picha zote mbili nimezibeba mimi.
Kwa kuzunguka.

Dawa hiyo ni ya kaka yangu, Leland.
Namba 311, bango la bustanini pana kuliko mlango.
Mimi nilikuwa na langu, dogo, la rangi nyingine,
na Pasaka ya mwaka juzi, viazi vikipoa mezani,
tuliambiana maneno ambayo, nikiyakumbuka,
hayakuwa yetu. Tulikuwa tumeyasoma mahali.
Pengine niliyaleta mwenyewe, Jumanne moja,
ndani ya mkoba huu.

Tangu hapo naweka dawa sandukuni,
pazia linatikisika,
basi.

Nitapiga kura, usiniulize kwa nini.
Kituo cha zimamoto, harufu ya dizeli na mipira iliyolowa,
foleni ya watu wanaokagua kofia za wenzao,
na kalamu iliyofungwa kwa kamba
kana kwamba ndicho kitu pekee humu
kinachoweza kuibwa.

Lakini leo, kwenye sanduku la 311,
kibendera kilikuwa juu.
Hapakuwa na bahasha ndani.
Risiti ya duka la vyuma, mwandiko wake unaochechemea:
"Verna. Dawa lete. Hizo nyingine tupa mtoni."

Siwezi, Leland. Ni kosa, ningefukuzwa kazi.
Niliandika hivyo nyuma ya risiti,
nikaongeza: "Goti lako vipi?"
nikailaza juu ya karatasi zake sita,
juu ya nyuso zote zile zilizokunja ndita,
nikafunga kifuniko.

Nikakawia kuwasha gari.