Ratili Hamsini

Jumapili mimi hufa saa nne na robo,
filimbi ya pili, ubavu wa kushoto,
kwenye nyasi za Jamhuri.
Nimezoea. Huchagua mapema pasipo na mavi ya farasi.

Sisi ni Keya wa Jumapili:
karani wa bima, mwalimu wa fizikia,
Rehani wa Makina, ambaye tarbushi yake
ni ya babu yake kweli, imeliwa na nondo,
na hairuhusiwi kuanguka hata akiuawa.
Bunduki zetu zilichongwa Kariokor.
Fundi aliuliza, "Za mchezo wa shule?"
Tukajibu, za historia.
Akaongeza mia mbili kwa kila moja.

Sajini Rasuku, siku za kazi fundi wa lifti,
hutupanga kwa sauti yenye kutu:
Nyuma geuka! Mguu pande!
Kisha kura: nani leo Mdachi?
Tunanung'unika, ingawa kinachobadilika ni kofia tu,
maana upande wa Mdachi nao
waliolala chini walikuwa weusi kama sisi.
Mvue maiti kofia,
hujui umlilie kwa jina la mfalme yupi.

Wapagazi hatukuwa nao.
"Watu wanataka moshi," alisema Sajini.
Nani atoe nauli yake aje kubeba sanduku?
Na mtaa uliobaki na jina lao
ndiko tulikokwenda kununua bunduki.

Akaja Mumbua, mpima viazi wa Marikiti,
na sanduku la chai, ngata ya majani ya mgomba,
na mizani yake ya ndoano.
Hakuomba cheo.
Alijaza mawe mbele yetu, moja, moja,
akapunguza, akaongeza kokoto,
mpaka mshale ukatulia kwenye ishirini na tatu.
"Kilo hizo. Wao waliita ratili hamsini."
Babu wa mama yake alitoka Mutomo
na namba shingoni.
Hata namba haikurudi.

Filimbi ya kwanza. Tukakimbia, tukapiga fataki,
na fataki zikaisha.
"Risasi!" akapaza Sajini, kama ilivyoandikwa,
kisha akageuka nyuma, kama haikuandikwa.

Mumbua alikuwa bado kwenye mwembe wa mbali? Hapana,
hapakuwa na mti wowote. Palikuwa na jua,
shingo yake, na hatua fupi
za mtu anayehesabu.

Tukangoja.
Wadachi wakangoja, mmoja amechuchumaa,
simu ametoa, simu amerudisha.
Watoto wakaacha aiskrimu itiririke mikononi.
Rehani alianza kwenda kumpokea,
akakumbuka sare aliyovaa, akasimama.
Saa nne na robo ikapita, mimi ni mzima,
na sikujua niweke wapi mikono.

Alipofika, alitua sanduku taratibu,
kama lina mayai.
Hakututazama.
Akaikung'uta ngata,
akageuka kufuata la pili.