Yupo Tu

Simu ya shangazi huingia Jumapili, baada ya ibada.
Mama huipokea uani, mwiko ungali mkononi,
nami chumbani, nyuma ya ukuta wa tofali mbichi,
nasikia majina yakipita kwa zamu:
Bupe kajifungua salama. Ambakisye yuko Tunduma,
anabeba mizigo mpakani, wiki iliyopita katuma sukari.
Kisha kimya kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi.
"Gwakisa? Yupo tu."

Ile "po" ni ya mahali, alitufundisha mwalimu Mwaisumo.
Hakutuambia mahali penyewe ni wapi.

Nina miaka ishirini na tisa na stashahada ya ugavi
ndani ya bahasha ya kaki, juu darini, mbali na panya.
Nalala na magunia mawili ya viazi
na baiskeli ya baba isiyo na mnyororo.
Usiku nakohoa kwa adabu.

Babu, wanasema, alihama kwao akiwa na miaka kumi na miwili.
Ndivyo ilivyokuwa Rungwe zamani: wavulana wa rika moja
walikata mianzi, wakajijengea vibanda pembeni,
wakawa kijiji.
Hapakuwa na dalali.
Mianzi ilikuwa ya mto, udongo wa yeyote aliyeinama,
na mvua ya huku haijawahi kumbagua mtu.

Chumba nilichokiona Kiwira kina dirisha moja
linalotazama dirisha lingine.
Elfu thelathini kwa mwezi, miezi sita mkononi,
na mwezi wa saba ni wa dalali, kwa kazi ya kuninyooshea kidole mlango.
Nikapiga hesabu kwa ndizi:
kupakia mkungu mmoja kwenye fuso, shilingi mia mbili.
Mikungu elfu moja na hamsini, basi, na mimi nina kwangu.

Nikaanza.
Ukungu umeshuka hadi magotini, saa nane za usiku,
tandiboi anahesabu kwa tochi na anakosea makusudi,
utomvu unaingia kwenye shati na hautoki tena,
hata kwa jivu, hata kwa maombi.
Mkungu wa mia tatu ukawa sare ya mtoto wa Bupe.
Wa mia nne na kumi ukawa rambirambi.
Wa mia sita ukawa dawa za presha za baba,
naye, kidonge kikiwa bado ulimini, akasema:
"Kuhama kuna haraka gani? Nyumba si ipo?"
Nikaitazama nyumba, bati lake, nguzo iliyoegemea upande.
Kweli, ipo tu.

Nikahesabu upya kuanzia moja.
Miezi siitaji.

Siku moja mama anamenya ndizi, hanitazami, anaongea na kisu:
"Babu yako alihama, ndiyo. Na jioni alirudi kula kwa mama yake.
Yeye na kundi lake lote, kila jioni, sufuria ikibaki nyeupe.
Bibi alinisimulia. Mpaka walipooa."
Nusu hiyo ya hadithi
hakuna mwanamume aliyewahi kunipa.

Jumamosi nilihama kwa bodaboda,
godoro mgongoni, bahasha kifuani,
na gunia moja la viazi ambalo mama
alilifunga mwenyewe kabla sijakataa.
Usiku dirisha langu na la jirani vilitazamana.
Nilikohoa kwa nguvu zote. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, baada ya ibada, nimekaa jikoni kwa mama,
sahani ya mbalaga magotini, moshi machoni.
Simu ikaita. Akanitazama, akafuta mkono kwenye kitenge,
akatoka nayo uani.
"Gwakisa? Hayupo!"
Sauti ikavuka ua wa jirani, ikavuka migomba.
"Amehama. Ana kwake."

Nami nikatafuna polepole,
nisije nikasikika.