Saa Moja na Robo

Sina helikopta. Nina kiti kimoja kinacholia,
dirisha linalotazama mgongo wa benki
na simu yenye kioo kilichopasuka kama ramani ya wilaya.
Bosi alikwenda Dar siku nne, akarudi na wazo:
"Redio ya mji ni ripoti ya barabarani, Mwanaidi."
Nikamuuliza, foleni tutaitoa wapi?
Akasema foleni itakuja. Wewe anza.

Nikaanza.
Mkanaledi nina Chilumba wa bajaji,
ambaye kila kitu kwake ni "kawaida tu, dada",
hata siku trafiki alipomkamata yeye mwenyewe.
Bima nina mlinzi anayeongea huku akipiga mswaki.
Mikindani nina Bi Somoe wa vitumbua.
Huyu ndiye jicho langu.
Anahesabu malori kama anavyohesabu chenji,
anajua lipi limefungwa mzigo upande,
lipi dereva wake hajalala,
na ananipa pia, bila kuulizwa, bei ya mchele.

Miezi mingi mji hauna la kusema.
Mbuzi wamelala juu ya lami, wanacheua.
Mwalimu anasukuma baiskeli, mnyororo umo mfukoni.
Mimi nalainisha koo, nabonyeza kitufe,
natia lile neno nililolizoea kama chumvi:
barabara zetu ni shwari.
Shwari Shangani, shwari Chuno, shwari Magomeni,
kisha tangazo la mabati.

Mwezi wa kumi na moja ukaja na harufu ya mabibo.
Korosho zikashuka kutoka Masasi na Nachingwea,
lori nyuma ya lori, foleni kama bosi alivyoahidi,
akanunua soda kwa ofisi nzima.

Jumanne moja Bi Somoe hakupokea.
Nilipiga mara mbili.
(Simu yake, nilikuja kujua,
ilikuwa kwa kinyozi, inachajiwa.)
Sekunde kumi. Fundi mitambo akaninyooshea kidole.
Ningeweza kusema: Mikindani sijui.
Maneno mawili. Yasingenigharimu kitu.
Nikasema shwari.

Shwari yenyewe ilikuwa lori lililolala ubavu
kwenye kona ya kupandia, magunia yamepasuka,
watoto wa shule wanajaza korosho ghafi kwenye kofia,
na nyuma ya watu, nyuma ya honi,
bajaji moja yenye pazia la khanga,
ndani yake Asumini Nambunga, uchungu umeshachacha,
na redio ya dereva inamwambia, kwa sauti yangu nzuri,
kwamba njia ya kwenda Ligula i wazi.

Alijifungulia palepale.
Bi Somoe aliacha vitumbua vikiungua,
akanawa unga mikononi,
akampokea mtoto.

Wakamwita Shwari.
Si kwa kebehi, Bi Somoe ananiapia;
mama alicheka mpaka wakamzuia asicheke.
"Si ndiyo hali iliyotangazwa?"

Nilikwenda siku ya arobaini na kilo mbili za sukari.
Asumini akaitambua sauti kabla sijataja jina.
Hakuuliza kitu. Akanipa mtoto nimpakate,
akatoka kuanika nepi,
akakawia, nadhani, makusudi.
Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia.

Tangu hapo lile neno silitumii.
Lina mwenyewe, ana meno mawili, anaishi Mikindani.
Bosi analalamika kwamba ripoti zangu zimerefuka,
kwamba tangazo la mabati linachelewa.

Leo nimesema: Bima, mbuzi watatu, mmoja anachechemea.
Mkanaledi, Chilumba anasema kawaida,
kwa hiyo endesheni taratibu.
Mikindani, simu inaita.

Inaita bado.
Msikilizaji, usibadili stesheni.
Inaita.