Bei ya Jina

Miaka kumi na mmoja nimefua shuka za watu Hong Kong,
nikaosha vyoo ambavyo tayari vilikuwa safi,
nikatuma, nikatuma, nikatuma.
Kilichobaki kipo benki, hapa Iloilo:
peso laki tatu na elfu arobaini.
Biashara siijui. Sijawahi kuuza hata peremende.

Kijana wa kampuni alinikalisha chini ya feni.
Hununui kigari, Bi Dumancas, alisema,
unanunua jina. Jina linajiuza lenyewe.
Akafungua kitabu cha picha: siomai zinang'aa,
mvuke umepanda kama sala iliyokubaliwa,
na watu kwenye foleni wote wana meno mazuri.
Shati lake lilipigwa pasi mbele tu.
Mgongoni lilikuwa limekunjamana.
Mambo hayo mimi huyaona.

Alitaka nitie sahihi Ijumaa.
Nikamwambia nina mtu wa kumuuliza.
Sikuwa na mtu.

Nilimkuta Manang Purificacion nje ya soko la Jaro,
nyuma ya kigari kilekile, jina lilelile kwa rangi nyekundu.
Nikanunua siomai nne. Kisha nne tena.
Ya tisa akanikatalia.
Wewe huna njaa, alisema. Uliza.

Soma ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza
(huku anakamua kalamansi, hanitazami).
Wa kwanza wameuandika wanaokutaka,
wa mwisho kauandika mwanasheria wao.
Asilimia sita wanachukua kwenye mauzo,
si kwenye faida. Umesikia? Mauzo.
Mvua inyeshe, uuze sahani kumi, ulale na hasara,
sita yao iko palepale.
Nyama, kwao. Vikombe, kwao. Hata vijiti vya meno
vina muhuri wao, mara tatu ya bei ya soko.
Chumvi tu ndiyo yangu.

Akanipa kigoda na kiberiti.
Kaa hadi saa mbili usiku.
Anayenunua, weka njiti kulia.
Anayepita, weka kushoto.
Usinihurumie ukaongeza.

Nilikaa. Miguu ikafa ganzi.
Kushoto njiti ziliisha, nikaendelea na mbegu za kalamansi.
Kulia: sabini na tatu.
Nikapiga hesabu kwenye kiganja, kwa kalamu,
kama nilivyompigia mama mwenye nyumba hesabu za sokoni
hadi senti ya mwisho, asije akasema nimeiba.
Kodi ya mahali, gesi, barafu, mshahara wa binti wa zamu.
Sita yao.
Zikabaki peso mia nne na kumi.

Manang alikishika kiganja changu, akakigeuzia taa.
Mimi namba hiyo niliipata baada ya miaka miwili, alisema.
Nani kakwambia hujui biashara?

Kisha akafunika sufuria, sauti ikashuka.
Wameweka kigari kingine pale kwenye duka la dawa.
Hatua mia tatu na sita. Nimezihesabu kwa miguu yangu.
Mkataba unasema wanaruhusiwa.
Wangu umebakiza miezi kumi na minne.
Ukitaka, nakuachia. Nusu bei.

Nikamtazama usoni, nikashindwa kujua
kama siku nzima alikuwa akinifundisha au akiniuzia.
Labda hata yeye hajui.
Lakini mbuzi huyu angalau ametoka guniani,
nimemhesabu mbavu.

Ijumaa kijana wa kampuni alipiga simu mara nne.
Nilikuwa Jaro, mbele ya duka la dawa,
juu ya kigoda cha kuazima,
na kiberiti kipya.