Dakika Arobaini, Kutaisi

Walinipa dakika arobaini
kati ya somo la kisukari na chakula cha mchana,
chumba cha ghorofa ya tatu, dirisha lisilofunga,
mvua ya Kutaisi ikichungulia
kama mwanafunzi aliyechelewa.

Niliweka mezani fupanyonga la plastiki.
Daktari Vazha akalivika kofia yake.
Wakunga wakacheka. Nami nikacheka,
kisha nikauliza: nani humu, akicheka, hubana miguu?

Kimya.
Mkunga Tsisana akavitazama viatu vyake.

Sikuanza na picha. Nilianza na Lamara,
sauti ya pili katika kwaya ya kanisa,
watoto watatu, wa mwisho kilo nne na nusu.
Miaka kumi na mmoja hajaketi karamuni.
Huko watu huinua glasi na kusema maneno marefu,
na maneno yakiwa marefu, mtu hainuki kwenda msalani.
Alimweleza daktari. Daktari akasema:
"Mama, si umezaa? Ndivyo."
Ndivyo!
Neno fupi kuliko yote katika faili lake,
nalo ndilo lililomfungia mlango.

Mficha uchi hazai, husemwa.
Lakini hawa wamezaa;
ni baada ya kuzaa
ndipo tulipowafundisha kuficha.

Nikaivua ile kofia.
Tazameni: misuli imetandikwa
toka mfupa wa mbele hadi kifandugu.
Si kamba, si koki ya bomba.
Ni sakafu, na sakafu hii hupumua.
Ukivuta pumzi, inashuka; ukiitoa, inapanda.
Ndiyo maana twasema: ukinyanyua mzigo, toa pumzi kwanza.
Haya, pumueni.
Watu ishirini na mmoja wenye makoti meupe
wakapumua kwa pamoja,
kioo cha dirisha kikaota ukungu.

"Mimi huwaambia wabane, mara mia kwa siku," alisema Vazha.
Na asiyejua kulegeza?
Kunja ngumi, daktari. Kaza. Usiikunjue.
Sasa nishikie kalamu hii.
Kalamu ikaanguka, ikabingirika chini ya radieta,
hakuna aliyeiokota.
Nikawaambia habari za Eka, mcheza judo,
aliyebana miaka miwili kwa utiifu
na kila alipobana, maumivu yakamkaza zaidi.

Slaidi sikuzimaliza. Zilibaki kumi na nne,
zikiwemo zile nzuri zenye mishale.
Niliomba jambo moja tu: ulizeni.
Mkojo unakutoka? Kuna kitu unahisi kinashuka?
Tendo la ndoa linauma?
Ulizeni mkiwatazama usoni, kalamu imelala.
Kisha nileteeni. Niko chini kabisa,
mlango unaofuata ghala la magongo.

Wakaenda kula. Mkate wa jibini haungoji mtu.

Vazha alibaki, anatafuta kofia
iliyokuwa mkononi mwake.
Aliongea na lile fupanyonga, si nami:
"Na wanaume?
Mtu, tuseme, aliyetolewa tezi dume masika haya?"
Nao wana sakafu, nilisema.
"Jumatano?"
Jumatano, saa mbili asubuhi.

Akavaa kofia. Akafika mlangoni, akarudi,
akapiga goti kando ya radieta
kuifuata ile kalamu.
Na kabla hajainuka
nilimsikia, waziwazi,
akitoa pumzi.