Sekunde Saba

Kundi letu la ukoo kwenye simu lina watu arubaini na moja.
Zamani lilikuwa na kelele kama jiko la harusi:
bei ya papa mkavu kule Seeb, nani kaposa, nani kaachwa,
shangazi Shadya akimkosoa imamu kwa hotuba ndefu,
na barabara iliyoahidiwa, na aliyeiahidi.
Tuliandika Kiswahili, humu Amirat,
tukidhani lugha yetu ni chumba cha ndani,
mlango ambao mgeni hauoni kitasa chake.

Sasa kila asubuhi ni mawaridi.
Waridi jekundu, waridi jeupe, kikombe kinachofuka moshi,
Ijumaa njema, amina, amina, amina.
Jana nilihesabu: amina ishirini na sita
na hakuna hata dua moja iliyoombwa.

Ilianza na daraja.
Wadi ilishuka usiku, ikachukua ukingo,
mitende sita, gari la muuza maziwa,
na kipande cha nguzo isiyotimiza miaka miwili.
Binamu yangu Muhenna, mhandisi, mtu wa vipimo,
akaandika mistari mitatu:
kwamba mchanga ulikuwa mwingi, saruji haba;
kwamba mkandarasi anajulikana;
kwamba hesabu anazo, atakaye aje azione.

Hakupigwa. Niseme kweli, hakupigwa.
Alipigiwa simu, akavaa kanzu safi, akaenda.
Akapewa kahawa na tende, akaulizwa
hali ya mama yake, na nani mwengine yumo humo kundini.
Saa nne. Alirudi na risiti ya maegesho.
Tangu siku ile anatushinda sote kwa mawaridi.

Sisi wengine hakuna aliyetukataza.
Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kulaumu.
Kisu ni chetu. Maneno yangu ya miaka mitatu
niliyafuta mwenyewe, nimekaa chooni, taa nimezima,
hata ule utani wa vitunguu.
Ukingo hauanguki siku moja:
maji hulamba chini, juu majani yamebaki mabichi,
na wewe papo hapo unatandika mkeka.

Wala sitaki kujidanganya kwamba kila neno lilikuwa la haki.
Mwaka wa tufani, humu humu, mtu alivumisha
kuwa bwawa limepasuka. Watu wakakimbia gizani,
mtoto wa Zahor akavunjika paja.
Huyo mvumishaji hakuitwa kunywa kahawa.

Juzi mawingu yamejikusanya tena juu ya majabali.
Daraja limepakwa rangi, njano na nyeusi,
na chini ya rangi mna ufa. Madereva wote wanaujua:
hupunguza mwendo, hushusha redio,
kana kwamba umelala na hawataki kuuamsha.

Ndipo Bi Thuwaiba, miaka themanini na minne,
asiyejua kusoma wala kuandika,
aliyefunzwa na kitukuu chake kubana kitufe cha sauti,
akatuma sekunde saba:
"Nyinyi! Daraja lile lina ufa.
Hamuoni? Au mushakuwa mabubu?"

Alama za buluu zikajaa.
Mtu akatuma waridi.
Mtu mwengine alikuwa anaandika, akaacha, akaandika, akaacha;
nililiona lile neno "anaandika" likipepea
kama pazia la nyumba yenye mtu ndani.

Mimi nilisimamisha gari kabla ya daraja, nikabana kitufe.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Ruwi.
Koo likaziba.
Chini maji ya mwanzo yalikuwa yanapita, membamba,
yakigonga nguzo, yakirudi, yakigonga.
Nikayaachia yaseme yenyewe.
Sekunde kumi na moja. Nikatuma.

Jina la Muhenna likatokea. Nikangoja waridi.
Aliandika: "Milimita kumi na tisa.
Jumatatu zilikuwa kumi na nne."