Shibiri Moja

Mgonja amekuja na alteneta ndani ya gunia linalonuka perege,
kailaza juu ya benchi langu, hapa Pasua,
polepole, kama anayeshusha mgonjwa.
"Haichaji, dada fundi. Juzi usiku, katikati ya bwawa,
taa ilififia, kisha nikasikia harufu."

Harufu naijua. Katika mji huu unaoitwa Moshi
mimi nakula kwa kuubagua moshi:
wa oili ni mtamu, wa mkanda unakera koo,
wa ganda la waya hushika ulimi siku mbili.

Nafungua. Daiodi tatu zimekufa.
"Ulichomoa betri injini ikinguruma?"
Anatazama kandambili zake.
Alichomoa. Mwenzake alizimikiwa, akataka kumwazima.

Basi sikia. Umeme ukikosa pa kwenda
hauketi ukangoja,
unarudi kumla aliyeuzaa.

"Na fyuzi?"
Anatoa mfukoni msumari wa inchi mbili,
mweusi upande mmoja.

Ndugu yangu, msumari haukatiki, na hilo ndilo kosa lake.
Utakutii mpaka boti iwake,
na wewe umezungukwa na maji, unaungua.
Wanasema ajali haina kinga.
Waliosema hawakuwahi kununua fyuzi.
Kinga ipo, bei yake soda mbili,
utepe mwembamba
ambao kazi yake yote ni kukatika kwanza.

Nampimia: kidole gumba kwenye chanya ya betri,
kidole cha mwisho hapa. Shibiri.
Fyuzi ikae humu, isipite;
kipande kisicholindwa kiwe kifupi kama uongo wa mtoto.
Waya mnene, shaba iliyopakwa bati,
maana unyevu hutambaa ndani yake kama mchwa.
Na ethi irudi betri yenyewe. Boti si gari,
mbao hazirudishi kitu.

Ndelilio, mwanagenzi wangu, anabana vishikio kwa koleo,
anavuta kimoja kimoja kama anayegombana navyo.
Kimoja kinachomoka.
Anaanza upya bila kuambiwa.

Saa kumi tunaizungusha kwa mota ya cherehani.
Mita: kumi na nne, nukta mbili.
"Ni nzuri hiyo?"
Ni nzuri.

Amelipa nusu. Iliyobaki ni perege, Jumamosi.
Msumari kausahau juu ya benchi;
Ndelilio kaupigilia ukutani,
tumetundika kalenda.